Mgongo kwa Mizani

Nesi Tupokigwe ananipima nikiwa nimeipa mizani mgongo.
Namba anaijua yeye. Mimi natazama dirishani:
mvua ya Tukuyu, haina haraka, haina mpango wa kukoma.

Shangazi alisema minyoo.
Mchungaji alisema mfungo umepitiliza.
Daktari wa Mbeya akasema: kulazwa,
au kuja kila Alhamisi kuongea, na nyumbani
mtu akae nawe mezani mpaka sahani iwe tupu.

Mama akasema, "Nitakaa mimi."

Basi anakaa. Anamenya viazi,
anasimulia bei ya chai, ng'ombe wa kina Ambakisye
aliyeingia kanisani katikati ya matangazo.
Hasemi "kula". Hasemi "umenenepa",
neno ambalo kwetu ni sifa
na kwangu lilikuwa kisu.

Ndizi mbili. Maharage. Kijiko
kizito kama jembe la masika.
Zamani vilikwenda mfukoni mwa sweta,
kisha kwa mbwa,
naye akanawiri kwa niaba yangu.

Leo amekaa mlangoni, anangoja.
Pole, Popi.
Nimemeza moja.

Mama amegeuka kupuliza moto
ambao hauhitaji kupulizwa.