Ukucha wa Gumba

Juni, Punta Arenas. Jua linatoka saa nne
kama kibarua aliyelipwa mapema.
Usiku nililiacha nje juu ya barafu
tairi moja kati ya mia mbili
yaliyoshuka bandarini ndani ya kontena la bluu.
Ubavuni limeandikwa Mfalme wa Barabara.
Jirani zake ni Chui Mkuu na Tai wa Milele.
Nawajua hawa wafalme wa bei poa:
wengi ufalme wao huishia
kona ya tatu, njia ya Natales.

Simlaumu mnunuzi. Gesi ina bei, mkate una bei,
na Nibaldo Oyarzo, anayewabeba watoto wa shule,
ana pesa za dereva, si za mwenye kondoo.
Jana aliniuliza, kofia mkononi,
"Eduvina, ni mazuri?"
Nikamwambia: niachie usiku mmoja.

Navua glovu.
Nakandamiza ukucha wa gumba kwenye kashata.
Mpira ulio hai huupokea ukucha
kisha huurudisha taratibu, kama shavu la mtoto aliyelala.
Mpira mfu hukataa ng'o,
utadhani unakwaruza sahani.
Huu umepokea.

Nasoma tarakimu nne ndogo
ambazo muuzaji hakuonyeshi:
wiki ya arobaini na moja, mwaka juzi.
Bado kijana. Wiki jana nilimkuta
mwenye jina kubwa, bei mara tatu,
anang'aa kwa kiwi, umri miaka tisa.
Kipya kinyemi ingawa kidonda,
na kile hata kipya hakikuwa.

Nalinusa. Nalibana kwa magoti.
Nalipandisha kwenye mashine, lizunguke,
maana hapa ndipo waongo hukamatwa:
likidai gramu themanini za risasi ili litulie,
lilizaliwa limepinda.
Hili limeomba kumi na tano.
Nikazungusha tena. Kumi na tano.
Nikayapima na wenzake watatu, mmoja mmoja,
kwani moja halisemi kwa niaba ya manne,
wala manne kwa mia mbili.

Kukataa nimekuzoea. Kukataa ni rahisi,
tena kunakufanya uonekane fundi.
Kukubali ndiko kunakokesha mtu.

"Mazuri?"
Kwenye theluji, ndiyo. Kwenye lami yenye maji
shika breki pale ulipozoea kuanza kufikiria.
Akacheka. Mimi sikucheka.
Nikaandika kwa chaki ndani ya mlango wake: SITINI.
Ukivuka hapo, hukununua kwangu.

Kisha nikajaza upepo.
Upepo ule ule ulioezua banda la Mansilla,
sasa umefungwa, umetii,
umebeba viti kumi na vinne.

Ameondoka. Nimenawa mara mbili,
ukucha bado mweusi.
Saa kumi wanarudi,
ikiwa nimesoma sawasawa.