Nguzo ya Mia Mbili na Kumi na Nne

Ramani inasema: mita saba kwa saba.
Utepe wangu unasema: tano na nusu,
na hiyo nusu nabishana nayo.

Gennadi ananimulikia, anacheka kwa pua.
"Themanini na moja. Bonasi ya Desemba.
Kila nguzo waliimega kidogo, kama mkate wa msibani."
Hataji msimamizi wa zamu ile.
Siulizi. Jina hilo ninalo kifuani,
kwenye kitambulisho.

Tuko mita arobaini chini ya Kurgassoo,
mashariki ya Estonia, katika vyumba
lilimochimbwa jiwe la mafuta, likachomwa, likawa umeme
wa miji isiyotujua.
Walizoziacha zimesimama gizani
kama watu kwenye foleni ya duka
ambalo halitafunguliwa.

Nagonga kwa mpini wa nyundo.
Hapa ni jiwe zima, linajibu kwa ukali.
Hapa ni boga.
Maganda yamelala miguuni pake,
katikati pameliwa: kiuno cha nyigu.
Kwingine hiyo ni sifa.

Hesabu yenyewe mtoto wa sekondari ataiweza:
uzito wa ardhi yote ya juu, na theluji yake,
gawanya kwa kilichobaki.
Pima na nguvu za jiwe, unene kwa kimo.
Ukipata moja na nusu, unalala.
Nimepata moja nukta moja tisa.

Lakini hilo ni jibu la leo, saa nne asubuhi.
Halijui miaka.
Halijui ule utepe wa udongo katikati ya mwamba
unaolainika kama mkate ndani ya chai,
wala kwamba jiwe nalo huchoka
bila kumwambia mtu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi,
walinena wahenga, nao hawakushuka huku.
Huku nguzo ikilegea mzigo hauanguki,
unahama.
Unaingia kwa jirani usiku uleule, bila hodi,
na jirani alikuwa na wake,
na jirani wa jirani anasikia mlio
kama kijiti kinachovunjwa chumba cha pili.

Juu, Salme Kütt ana miaka sabini na tisa,
ng'ombe mmoja, na bwawa
pale alipokuwa akilima viazi.
Mibetula imeinamia maji, yote upande mmoja.
Ananimiminia kahawa.
"Ripoti sitaisoma," asema.
"Niambie tu: nipande mtufaa, au nisipande?"

Nilikuwa na "huenda" mdomoni.
Nikaimeza.
"Upande," nikasema, "kule kwenye uzio.
Si hapa kisimani."

Akatazama kisima.
Akatazama kifua changu, akasoma kitambulisho
polepole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza,
kisha akaniongezea sukari
ambayo sikuiomba.