Kwa Atakayelifungua Sanduku Hili

Ndugu nisiyekujua,
wewe wa zamu ya usiku, Riga au Frankfurt,
mwenye glavu za mpira na tochi shingoni,
najua utafungua. Mashine imekuonyesha
mbavu, meno, duara juu ya duara,
ukamwita mwenzako: njoo utazame, hiki nini tena?

Ni baiskeli.
Usicheke. Ni baiskeli nzima.
Fremu yake hukatika katikati, kwa pingili mbili za chuma,
kama filimbi inaporudi kwenye kasha lake.
Naitwa Urve Kaldmäe. Nilifundisha filimbi Tartu
miaka thelathini na minne, mpaka meno yakanichoka.

Sikukatazi kupekua. Kazi ni kazi.
Ila utoavyo ndivyo urudishe:
gurudumu la nyuma chini kabisa, gia zikitazama juu,
fremu juu yake, imevikwa taulo,
usukani ubavuni, umelala kama paka.
Ukiona kipande cha ubao kati ya meno ya uma,
si takataka. Jirani yangu Endel alikichonga
ili uma usibanwe mizigo ya watu ikiulalia.

Pedali zimo kwenye mfuko wa unga.
Ya kulia hufunguka kama dunia yote ifungukavyo,
ya kushoto hufunguka kinyume;
nilivunja spana mbili na urafiki mmoja
kabla sijalijua hilo.

Mnyororo umo ndani ya soksi ya sufu.
Soksi ya pili nimeivaa.

Utepe mwekundu kwenye nguzo ya tandiko
ni urefu wa miguu yangu. Tafadhali usiubandue.

Upepo nimeutoa, matairi yote mawili, naapa.

Na uzito usikutie shaka. Nyumbani
nilipanda mizani mikono mitupu,
nikapanda tena nimelikumbatia sanduku:
tofauti yetu ni kilo ishirini na mbili na nusu.
Nilikwisha kutoa viatu vya akiba,
nikatoa sufuria, nikabaki na kifuniko chake, sijui kwa nini,
nikatoa na chupa ya jemu ya Endel.
Hilo la jemu libaki kati yetu.

Sikuandika haya kwa kukudharau.
Mwaka juzi mmoja wenu, usiku kama huu,
alisokomeza pampu kati ya spoku, akaketi juu ya kifuniko
mpaka kufuli ikakubali.
Nilitua Bilbao na gurudumu lililopinda kama nane.
Fundi Koldo alilitundika, akawa anadonoa spoku moja moja kwa ukucha,
nami, kwa mazoea ya darasani, nikamwambia:
hii iko chini, pandisha. Hii imepaa.
Hakuuliza nimejuaje. Alikaza, akadonoa, akanitazama,
na giza lilipoingia gurudumu zima likaimba sauti moja.
Alikataa hela.
Basi sina kinyongo, karibu nishukuru.
Lakini safari hii naenda mbali zaidi,
na Koldo huko hayupo.

Nimeacha nafasi hapa chini, kama una neno.
Penseli imo kwenye soksi.

*

Punta Arenas, sakafuni kwa Bi Rosalba,
madirisha yanatetemeka kwenye fremu zake.
Kamba ya kufuli imekatwa.
Ubao upo. Utepe upo. Taulo limekunjwa
vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.
Na chini ya maneno yangu, mwandiko uliolala,
wa mtu aliyeegemea magotini:

"Mama, tairi la mbele ulilisahau, lilikuwa limejaa.
Nimelitoa upepo.
Ukifika, jaza wa huko."