Nakala ya Nne

Brno, kipupwe, mwaka wa thelathini na moja.
Mimi Otýlie, mpanga chapa; nalipwa kwa mstari,
si kwa maana.
Miaka kumi na tisa nasoma dunia kichwa chini miguu juu,
hata nyuso za watu naanzia kidevuni.

Ndiyo maana nilimjua mapema.
Aliingia na riwaya kwapani, koti la kukodi,
akajiandikisha daftarini: Valentin Corde.
Lakini kidevu kilikuwa cha akina Koutný wa mtaa wa Cejl,
kina kishimo, kama dole limebonyeza unga.
Nikanyamaza. Atamkaye jina lake taratibu mno
bado analijaribu, kama kiatu dukani.

Nakala ya kwanza, shujaa wake aliitwa Matouš,
mwana wa mfumaji. Kurasa sitini hatoki kitandani,
anaisikiliza tu fikra yake ikitambaa
kutoka ufa wa dari hadi harufu ya sufu iliyotiwa rangi
hadi kwa mama aliyefua kola yake moja kila usiku
akihesabu kwa sauti asije akasinzia
moja mbili tatu hata afike mia aanze upya
wala hakuna nukta, nilitafuta mkato wa kupumulia
nikajikuta nahesabu na mimi.

Nakala ya pili, Matouš kanyoa masharubu, kabadili jina.
Nakala ya tatu, baba kawa daktari wa meno,
mama anapiga piano; kisha wino mwekundu:
mama afutwe.
Na pembeni: mtu hujizaa mwenyewe.

Nikamfuta. Ndiyo kazi.
Mistari arobaini na mitatu nikaitupa sufuriani,
kola, ndoo, hesabu,
ikayeyuka bila kelele, ikawa uso mmoja unaong'aa.
Nikajiona humo, nimepinda.
Jioni ileile, risasi ileile ikawa tangazo la sabuni,
kadi ya harusi, bei ya viazi.
Wasemao mtu hujivua gamba kama nyoka
hawajawahi kulifagia hilo gamba.
Karakanani mwetu hakuna kinachovuliwa. Huyeyushwa,
na asubuhi mizani husoma uzito wa jana.

Nilitaka kumwambia hivyo.
Nilimwambia ukurasa wa tisini una kosa la mkato.

Nakala ya nne ilikuwa safi. Shujaa anaamka hana jana,
anatembea mjini kana kwamba mji umejengwa asubuhi hiyo.
Wenye miwani wakaisifu.
Mimi niliiona nyumba iliyohamwa,
misumari imebaki ukutani.

Februari akarudi. Koti lake mwenyewe safari hii,
kofia mkononi, theluji nyweleni.
Hakuja kwa kitabu. Alitaka tangazo la msiba,
lile la kubandika mlangoni pa kanisa, lenye ukingo mweusi.
Apolena Koutná, mfua nguo, miaka sitini na minane.
Nikapiga vitufe. Jina likadondoka, la moto,
limelala kichwa chini, nami nikalisoma sawasawa.
"Ameacha mwana mmoja," nikasema, bila kumtazama.
"Anaitwa nani?"

Sufuria ikachemka.
Akafungua kinywa, akakifumba.
Kisha midomo ikacheza, polepole,
na nikasikia, au nilidhani nasikia:
moja, mbili, tatu.

"Acha nafasi," akasema.

Nikaiacha. Hakujua, wala sikumwambia,
kwamba kwetu nafasi tupu nayo ni risasi:
hukatwa kwa kipimo, hukazwa kati ya maneno
ili mstari usianguke.
Haifikiwi na wino, basi.