Swali la Tano

Kumi na wanane, chumba cha juu, Kyambogo,
kila mmoja na penseli mbili
na chupa ya chai isiyo na sukari.
Wametoka Lanzhou kusomea barabara na madaraja,
lakini kwanza, kasema mkuu wa idara,
tupime kama Kiingereza wanakisoma
au wanakitazama tu.

Dakika arobaini. Kifungu kimoja, maswali manane.
Niliandika saa ubaoni kwa chaki,
nikakaa penye kioo kilichopasuka
nikisikiliza karatasi zikigeuzwa.
Kuna anayesoma kwa kidole.
Kuna anayesoma kwa midomo, bila sauti,
kama bibi yangu akihesabu mbuzi wa watu.
Qiu Zhenhai alisoma mara moja hadi mwisho,
akafumba macho, akarudi mwanzo,
kama fundi anayeujaribu ubao kwa kisigino
kabla hajaupa uzito wote.

Kifungu kilitoka ng'ambo, kwenye kabrasha la zamani.
Siku ya harusi ya Bi Margaret mvua ilinyesha
tangu asubuhi hadi taa zikawashwa.
Swali la tano: bibi arusi alijisikiaje?
A, alifurahi. B, alihuzunika.
C na D nimezisahau.
Orodha ya majibu, yenye mhuri, inasema B
na haiongezi neno.

Mimi naitwa Nakiru.
Kwetu Moroto hilo ni jina la mtoto
aliyezaliwa mvua ikinyesha,
na siku hiyo, wanasimulia, hakuna aliyekimbilia ndani.

Nilipokuwa darasa la saba kililetwa kifungu cha theluji.
Kwa nini watoto walipiga kelele?
Nilijibu: ilikuwa inawaunguza.
Mwalimu akalisoma jibu langu kwa sauti,
darasa likacheka, nami nikacheka
nisije nikabaki peke yangu.

Usiku nasahihisha. Kiingereza kiko mezani.
Kiswahili cha kambi ya polisi Naguru,
nilichokiokota kwenye foleni ya bomba,
kinaniuliza maswali yake.
Chini kabisa kuna Kikaramoja, kimya, kama figa.
Kumi na watatu wamechagua B.
Hao wameusoma mtihani; mvua hawakuisoma.
Tang Yimin amechagua B, akafuta, akachagua B tena,
karatasi imekonda hapo hadi mwanga unapita.
Qiu amezungushia A,
na pembeni, kwa herufi zilizosimama kama nguzo,
ameandika: Nyumbani kwetu mvua ni mgeni.
Mgeni akija harusini, hafukuzwi.

Nikasema peke yangu, jikoni, sufuria ikisikia:
mgeni njoo, mwenyeji apone.

Je, alikielewa kifungu?
Mimi ningesema amekielewa
kuliko huyo aliyekitunga.
Ila kalamu nyekundu ni ya idara,
na idara haijawahi kulala Moroto mwezi wa pili,
haijaona ng'ombe akilamba ndoo tupu.
Nikampa sifuri.
Ilitoka imepinda kidogo juu.

Jumla: kumi na tisa.
Wa kupita ni ishirini.

Nikanywa maji. Nikaanza tena na swali la kwanza,
nikijumlisha polepole,
kama mtu anayepapasa uvunguni
akitafuta shilingi
aliyoisikia ikianguka.