Fundi wa Fremu, Barabara ya Sita

Karatasi kaileta Sista Eufrasia ndani ya gazeti,
gazeti ndani ya khanga, khanga ndani ya mfuko wa sukari.
"Imetoka Kibakwe, kabatini mwa marehemu padre.
Mchwa walishaanza kona.
Itie kioo. Na hilo doa la shavuni, lifute."

Nikaifunua juu ya meza
nilipokuwa nakata mbao za picha za mahafali:
joho, kofia, tabasamu la elfu kumi na tano.
Kichwa cha mwanamke. Mabega hayapo.
Shingo inaanza, kisha mkono wa mchoraji ukachoka,
au mshumaa uliisha, au aliitwa kula.
Chaki nyekundu kwa nyama, penseli kwa kope,
na chini, kwa wino uliopauka, Siena, 1831.
Sikio moja, lakini limechorwa mara mbili.
La kwanza lilikaa juu mno;
akachora jingine chini yake, na la kwanza hakulifuta.
Nilicheka peke yangu. Kumbe na kwao
fundi hupima mara moja akakata mara mbili.

Nyuma ya karatasi kuna hesabu ya kujumlisha.
Nimeirudia. Alikosea kwa moja.

Nikachovya pamba, nikasita.
Vumbi la Dodoma, Agosti, halibishi hodi;
hupita tundu la kitasa, likalala hata ndani ya saa,
na rangi yake, haki ya Mungu, ni ya chaki ile ile.
Pale shavuni, lipi lilitiwa na mkono,
lipi lilitiwa na upepo wa Kibakwe
miaka sitini kabatini?
Nilipuliza kidogo. Chembe tatu zikatua kidoleni.
Nikazinusa. Hazikutaja kwao.

Sista aliporudi akasema, "Doa bado lipo."
"Sista, hilo si doa."
Akatazama. Akatoa elfu nane, si kumi.

Mama yangu, Mbeleje binti Chilewa,
alipigwa picha mara moja, ya kitambulisho cha kura:
macho yameshtuka kama kafumaniwa,
kilemba kimeshushwa hadi mashavuni
kwa kuwa kijana wa kamera alisema
masikio hayo, bibi, tuyafunike.
Ndewe zake! Pana, za ujana wa Ugogo,
nikiwa mgongoni nilipitisha vidole humo
hadi usingizi unichukue.
Hakuna aliyewahi kumtazama mama
kiasi cha kukosea sikio lake, kisha atazame tena.

Usiku nimefunga mlango wa bati.
Penseli ya useremala, mgongo wa hadibodi iliyobaki.
Nimeanza na ndewe.
Imekaa juu mno.
Nimechora nyingine, chini kidogo.
Ya kwanza nimeiacha.