Fomu ya Ridhaa

Eibar, mvua ya Novemba. Eskolastika Arizaga
anaipitia fomu yangu kwa kidole
kilichopinda tangu mpira ulipokivunja
mbele ya watu elfu uwanjani,
nao wakaendelea kuwekeana dau.

"Jina la mhojiwa litafichwa," namweleza.
Ndiyo maadili ya utafiti; kamati imepiga muhuri.

Anacheka mpaka kahawa inamwagika.
"Binti, nimefichwa miaka hamsini.
Kwenye mabango nilikuwa Eskolas tu, bila ukoo,
kama mbuzi wa maonyesho.
Nilipoolewa, raketi ikapanda darini.
Mume wangu akapongezwa: umepata mkono
wa kukandia unga.
Leo unakuja wewe, na digrii zako,
unanipa herufi moja?"

Sikujibu.
Kinasa sauti kikanasa hata hilo.

Akaichukua kalamu, akaukata mstari wangu,
akaandika jina lake lote, na la mama yake,
akikandamiza kama anayepiga mpira wa mwisho.

Usiku, hotelini, naitoa fomu iliyokuwa chini yake,
ya mhojiwa wa kesho. Nyeupe.
Haina tone la wino,
lakini ukiipapasa,
Arizaga.